Na Vyote Vilivyo Chini Yake

Jua lilikuwa limebakiza ukucha tu pale kaka alipomnyooshea binti tochi.

"Wakili, nenda kamkatie fundi mzizi wa mwisho. Anakusubiri."

Alisema kama mtu anayemtuma mwenzake chumvi dukani.

"Kwani fundi hana mikono?" binti akauliza bila kuinua macho kitabuni.

"Ndiyo kazi yao ilivyo. Mizizi yote anakata fundi, wa mwisho anakata mwenye kiwanja. Ukuta ukianguka, fundi asije akatiwa lawamani. Na mwenye kiwanja humu ndani ni nani?"

Binti akacheka. "Mimi."

"Basi. Heshima hukuitaka? Kaitumie."

Jikoni mama yao alikuwa anakatakata vitunguu. Kisu kikasimama. Halafu kikaendelea.

Wakili halikuwa jina lake. Lilikuwa jina la utani alilobandikwa tangu darasa la nne, alipomtetea paka aliyedokoa nyama mpaka mama akacheka na kumsamehe paka. Sasa alikuwa mwaka wa pili wa sheria, na hapakuwa na mdahalo chuoni aliopanda jukwaani akashuka bila makofi. Maneno yake yangemtoa nyoka pangoni, kisha yakamfanya nyoka aombe radhi kwa kuchelewa kutoka.

Mwezi mmoja kabla ya jioni hiyo alikuwa ameshinda mdahalo mkubwa kuliko yote. Si wa chuoni. Wa mezani kwao.

Baba yao alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na kiwanja na nyumba vikahesabika ni vya kaka kwa sababu moja tu: kaka ni mwanamume. Hakuna aliyeandika. Hakuna aliyeuliza. Binti akarudi likizo na hoja saba kwenye daftari, akasimama mbele ya mama na kaka kama aliye mbele ya majaji. Hoja ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Alipofika ya tatu, kaka akainua mikono.

"Nimeshindwa. Kiwanja ni chako. Chukua chote."

Mama akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Mwenye haki apewe haki yake."

Binti akabaki na hoja nne mkononi, kama mtu aliyekimbia na ndoo kuzima moto akakuta umezimika wenyewe. Nawaulizeni nyinyi mnaosoma: ni lini mmeona mwanamume akiachia ardhi kwenye hoja ya tatu? Lakini yeye, bingwa wa kutafuta tundu kwenye maneno ya wenzake, hapo hakutafuta. Aliyezoea kunyimwa hakagui anachopewa.

Akaandika hati kwa mkono wake mwenyewe. *Kiwanja hiki, na vyote vilivyo juu yake...*

Kaka akamgusa bega. "Ongeza na vilivyo chini yake, Wakili. Usije ukadhulumiwa."

Wakacheka wote watatu. Akaongeza. Akatia sahihi, chini yake akasaini mama, na chini ya mama akasaini kaka.

Kaka alikuwa amekonda mwaka mzima, kola ya shati ikimwelea shingoni. Wiki ile ile akaanza kula sahani mbili. Na kulikuwa na jambo jingine, dogo, la kijinga hata kulisimulia. Tangu siku ile, mama na kaka wakikaa kula hupandisha miguu juu ya ubao wa chini wa kiti. Binti alipouliza, mama akajibu neno moja.

"Panya."

Yeye hakuwahi kumwona panya. Alichosikia, mara mojamoja, ni mlio chini ya sakafu. Chini ya kiti chake.

Kung...

Kama shoka linalogonga mti mbali sana.

*

Nyuma ya nyumba palikuwa na mivule mitatu. Babu aliiangusha yote katika kiangazi kimoja akajengea: boriti za paa, milango, meza ya kulia na viti vyake. Visiki akaviacha, kila kimoja kipana kama kitanda cha watu wawili. Miaka ikapita. Alipotaka kung'oa cha kwanza, alianguka shimoni humo humo. Moyo, walisema. Baba akang'oa cha pili. Akakutwa amelala kifudifudi, mkono bado umeshika mpini. Moyo, walisema tena. Mioyo ya ukoo ule, inaonekana, ilikuwa ikichagua mahali pa kusimamia.

Mashimo ya visiki viwili yalifukiwa, lakini kila mvua zikiisha udongo hukutwa umetitia. Unaongeza, unatitia. Kana kwamba kuna anayeuvuta.

Cha tatu ndicho kilichobaki, hatua sita kutoka ukutani. "Kitu cha kwanza, mwenye kiwanja, ng'oa kile," kaka alikuwa amemshauri. "Kinatupasulia sakafu." Na fundi, kaka ndiye aliyemtafuta.

Binti akatoka na tochi. Akapita karakana ya kaka, ambaye alikuwa seremala. Mlango ulikuwa wazi. Juu ya benchi la randa ililala keekee kubwa, ile ya kutobolea miimo ya milango, ncha yake imelowa kitu cheusi. Akashangaa kidogo, maana kaka hakuwa mtu wa kuacha chuma kikiwa kichafu. Akapita.

Harufu ikampokea kabla hajafika shimoni.

Harufu ya mti mbichi. Utomvu mtamu, mzito, kama wa mti uliokatwa asubuhi ile. Mti huo ulikuwa umekufa kabla yeye hajazaliwa.

"Karibu, mwenye kiwanja."

Fundi alikuwa amechutama ukingoni. Mtu mwembamba, njiti ya kiberiti kwenye pembe ya mdomo, kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakipo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, binti."

"Mbona unanong'ona?"

"Mbona nawe unaninong'oneza?" Akajaribu kucheka. "Kisiki ni kama shemeji mkaidi. Ukimsukuma hatoki, ukimwacha anaota mizizi. Njoo uone."

Akamulika shimoni. Mizizi kumi na tisa ilikuwa imekatwa, na kila uliokatwa umefungwa kitambaa cheupe. Hivyo ndivyo wanavyofanya watu wa kazi ile, ili wasisahau mmoja ukaja kuwavutia ukuta. Vitambaa vilining'inia gizani kama watu wadogo waliovikwa sanda.

Mmoja tu haukuwa na kitambaa. Mnene kama paja. Ulitoka kwenye kisiki ukanyooka moja kwa moja chini ya ukuta wa nyumba.

"Unakwenda wapi?"

"Nimeufuata kwa mtaimbo mpaka msingi. Unaingia chumba cha kulia." Akahamisha njiti upande wa pili wa mdomo. "Mizizi hufuata maji, binti. Huu umefuata meza."

Binti akaona maneno ya mafundi ni maneno ya mafundi. Akateremka. Akachukua shoka. Akaliinua juu ya bega...

Mkono ukashika mpini.

"Umeambiwa?" fundi akanong'ona.

"Nimeambiwa nini?"

Fundi alimtazama usoni, kama anayetafuta ndani yake mtu mwingine. Kisha akatema ile njiti.

"Weka shoka chini. Polepole. Lisiuguse mzizi."

Akahamishia mwanga juu ya kisiki. Katikati kabisa, kwenye kiini, palikuwa na tundu la upana wa kidole gumba, limezibwa kwa nta. Pembeni yake unga wa mti, mweupe, mkavu, haujapigwa hata na umande.

"Mdudu hatoboi duara namna hii," fundi akasema. "Na hafungi mlango kwa nta."

Binti akaiona keekee juu ya benchi. Akaiona kana kwamba imesimama mbele yake.

"Toa," akasema.

Fundi akachokoa nta kwa kisu. Nyuma yake ikatokea karatasi iliyosokotwa kama sigara, imelowa utomvu. Binti akaikunjua. Hakuhitaji kusoma. Mwandiko ulikuwa wake.

*Kiwanja hiki, na vyote vilivyo juu yake, na vyote vilivyo chini yake...*

Wiki tatu alikuwa akiitafuta hati ile. "Nimekuwekea mahali salama, mwanangu," mama alikuwa akimwambia. "Mahali ambapo haitapotea."

"Mimi ndiye niliyemchimbia baba yako kisiki chake," fundi akasema, macho yakiwa nyumbani, kwenye dirisha la jikoni lenye taa. "Niliona tundu kama hili. Karatasi yenye jina lake aliitia mwenyewe, mbele yangu, kwa mkono wake. Aliniambia kilichoshika visiki hivi kinagonga chini ya kiti cha mwenye kiwanja mpaka kimpate. Kilianza na mzee wake. Akasema, bora mimi kuliko wanangu. Alitaka ang'oe viwili siku moja, yaishe." Akaonyesha shimo lililofukiwa kando. "Kimoja kilimtosha."

"Alisema wanangu? Au mwanangu?"

"Wanangu. Wote wawili. Nakumbuka kwa sababu aliwataja."

Binti akaegemea ukuta wa shimo. Udongo ulikuwa na joto.

"Halafu?"

"Halafu mwaka huu mama yako akanijia. Akasema kimeanza kugonga chini ya kaka yako. Hali chakula, halali usingizi. Akaniuliza kama kinajali ni nani, mradi ameandikwa. Nikamwambia mimi sijui." Akakikunja kisu. "Sikujua atakwenda kutafuta jibu kwa mtoto wake."

"Na leo umekuja kuchimba."

"Kaka yako aliniambia umekubali. Baba yako nilimwacha akate, maana alitaka. Wewe..."

"Mimi sijaambiwa kitu."

"Naona."

Hoja ya tatu. Ilimrudia kama kofi. Alikuwa amesimama pale mezani, mgongo umenyooka, anazungumzia haki ya mtoto wa kike, kifua kimemjaa, na wale wawili walikuwa wanamsikiliza kama wachinjaji wanaomsikiliza mbuzi akisifia malisho. Hawakushindwa. Walimpisha. Miaka yote amepigania jambo moja, mtoto wa kike ahesabiwe, na siku waliyomhesabu, walimhesabu kwa hili. Yale machozi ya mama kwenye ncha ya khanga hayakuwa ya furaha. Yalikuwa ya msibani. Mama alilia matanga ya binti yake mbele ya binti yake, na binti akamshukuru.

Kung.

Safari hii haikuwa mbali. Vitambaa vyote kumi na tisa vikatikisika, na hapakuwa na upepo.

"Kuna nini chini yake?" akanong'ona.

"Mimi nang'oa visiki tu, binti. Sijawahi kuuliza kimeshikwa na nani."

"Nachana karatasi hii, naondoka usiku huu huu kurudi chuo."

"Usiache tundu tupu." Fundi alimshika kiwiko. "Nimeshaona kiwanja kilichoachwa hivyo. Kikikosa kilichoandikwa, kinachagua chenyewe, na hakichagui mmoja. Pale hakubaki hata wa kufunga mlango."

Kung... kung...

Kutoka jikoni ikaja sauti ya mama, laini, ileile iliyomwita kula tangu alipoota meno. "Mwanangu! Bado tu? Chakula kinapoa!"

Binti akaisoma hati tena chini ya mwanga wa tochi. Aliisoma kama alivyofundishwa kusoma, akitafuta mahali inapoweza kuvunjika. Maelezo yaliishia na maneno *ni mali ya*. Mstari uliofuata ulikuwa jina lake na sahihi yake, peke yake. Mstari uliofuata, mama. Uliofuata, kaka.

Akaukunja mstari wake, akaubana kwa ukucha, akauchana. Ukatoka mzima, utepe mwembamba. Vile vipande viwili vilivyobaki akavikutanisha, na karatasi ikajisoma yenyewe upya: *ni mali ya*, halafu mama, halafu kaka.

Fundi akageuza uso. "Mimi sijaona kitu."

Akaisokota. Akaisukuma tunduni kwa kidole. Ndani palikuwa na uvuguvugu, na unyevu. Kisha karatasi ikavutwa kutoka kidoleni mwake, taratibu, kwa pumzi pumzi.

Kama mtoto anavyonyonya.

*

Taa ya chumba cha kulia ilikuwa imewashwa. Mama alikuwa amekwisha pakua. Kaka alikuwa amekaa mahali pake. Miguu yake ilikuwa juu ya ubao wa kiti. Ya mama pia.

"Tayari?" kaka akauliza, akimtazama viatu badala ya uso.

"Nimemaliza," binti akasema.

Akaketi. Akazishusha nyayo zake zote mbili sakafuni, akazibandika barabara. Mama akaliona hilo. Akakilaza kijiko.

"Kula, mwanangu," akanong'ona. "Ule ushibe."

Na hapo ndipo moyo wa binti ulipovunjika kabisa, si kule shimoni. Sahani yake ilikuwa imejazwa kuliko zote. Kipande kikubwa kilikuwa chake. Miaka yote kipande kile kilikuwa cha kaka.

Kung.

Ukutani.

Kaka akaacha kutafuna. Mama akafumba macho, midomo ikicheza.

Kung... kung...

Chini ya kabati. Chini ya mkeka. Sahani zikalia. Ule utamu mzito wa utomvu ukapanda kutoka kwenye nyufa za saruji. Wale wawili hawakuuliza ni nini. Hawakushtuka. Walitazama kiti chake tu, kama wasafiri wanaojua kituo kinachofuata.

Mlio ukafika chini ya nyayo zake. Aliusikia kwenye mifupa.

Ukatulia.

Ukapita.

"Hapana," kaka akasema.

Ulizunguka mguu wa meza, ukaenda upande wa pili, ukasimama katikati ya viti viwili. Haukugonga tena. Chini ya saruji kukasikika mkwaruzo mdogo, wa hapa na pale, kama kidole kinachopita juu ya maandishi.

"Wakili." Sauti ya kaka ilikuwa ya mtoto. "Wakili, umefanya nini?"

"Nimesahihisha hati."

"Mwanangu..." mama akasema.

Binti akageuka. Alidhani ni yeye anayeitwa. Bado, baada ya yote, alidhani ni yeye. Lakini mama alikuwa anamtazama kaka. Alimtazama kwa upendo mtupu, usio na hesabu, ambao binti hakuwahi kuuona ukielekezwa kwake hata siku moja. Kisha mama akaushusha mguu wa kulia kutoka kwenye ubao wa kiti. Akaushusha na wa kushoto. Akaibandika yote miwili sakafuni, polepole, mbele ya mwanawe wa kiume, kama anayemfunika shuka.

Kwa ajili ya binti aliinua miguu. Kwa ajili ya kijana aliishusha.

"Mama," binti akasema. "Na mimi, je?"

Hiyo ilikuwa hoja yake ya mwisho, na haikujibiwa.

Kung.

*

Moyo, walisema.

Asubuhi fundi alikuja kuchukua shoka lake. Alikikuta kisiki kimetoka chenyewe, kimelala ubavu kando ya shimo, mizizi juu. Mzizi wa ishirini, ambao binti hakuugusa, ulikuwa umekatika kwa unyoofu, kama uliopitiwa na msumeno, na kwenye ncha yake kulikuwa na kitambaa. Hakikuwa cheupe. Kilikuwa kipande cha khanga ya mama, kimefungwa fundo dogo safi la mtu aliyezoea kufunga watoto mgongoni. Tunduni hapakuwa na kitu. Fundi alifukia, akaondoka bila kuaga.

Viko wapi visiki vingine? Hakuna. Vilikuwa vitatu, na vyote vitatu vimetoka. Kwa hesabu yoyote ile, yameisha. Kaka humuuliza jambo hilo kila jioni kutoka ng'ambo ya meza, miguu juu, amekonda tena. "Yameisha, si ndiyo, Wakili? Sema yameisha." Yeye humtazama tu. Mambo mengine mtu huyajibu kwa kunyamaza, na aliyefundishwa kunyamaza na mama yake hufuzu upesi.

Ule utepe anao. Ameuweka ndani ya kitabu cha sheria, na kurasa zinazouzunguka zimelowa, zinanukia mti mbichi. Juzi aliukunjua dirishani. Jina lake bado linasomeka. Lakini wino wa sahihi umeota vijinyuzi vyembamba vinavyoteremka, vyote vinaelekea chini, na kimoja kimeshafika ukingoni mwa karatasi.

Tangu siku hiyo, akikaa kula, hukuta miguu yake imekwisha panda yenyewe juu ya ubao wa kiti. Hakumbuki ameipandisha saa ngapi.